Kanga ya Ng'ombe wa maskini imegoma kuingia kapuni siku 3: wakuu tuache kushona JavaScript ndani ya HTML

Kibodi Butu #1

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu. Hii kitu nimekaa nayo moyoni tangu wiki iliyopita, nikaona bora niimwage humu maana najua kuna wadogo zetu wengi wanajifunza kutengeneza websaiti kwa video na wanafundishwa uchafu uleule niliofundishwa mimi.

Iko hivi. Kuna mama anauza kanga na vitenge Kariakoo, mtaa siutaji. Ana websaiti, alitengenezewa na jamaa mmoja miaka minne nyuma, jamaa akapotea hewani, namba haipatikani, ndo mimi nikaitwa kama fundi bomba usiku wa manane. Mama akaniambia "mwanangu, kuna kanga haziuziki". Nikamjibu mama hilo ni la soko, mimi kazi yangu websaiti. Akasema hapana, wateja wanampigia wanasema wanabonyeza Weka kapuni haiingii, ila sio zote, ni baadhi, na ni zilezile kila siku.

Sasa mnajua kanga inauzwa kwa jina. Mteja hasemi nataka ile nyekundu, anasema nataka Japo sipati tamaa sikati, au Usisafirie nyota ya mwenzio. Kwahiyo databesi nzima ya mama ni majina, kama 300 hivi. Nikafungua nikabonyeza Wema hauozi, ikaingia kapuni bila shida. Nikabonyeza nyingine, ikaingia. Nikabonyeza Ng'ombe wa maskini hazai. Kimya. Ukurasa haujalalamika, namba ya kapu haijapanda, batani imelala kama mlinzi wa saa tisa usiku.

Siku 3 wakuu. Nililaumu picha, nikalaumu databesi, nikapiga simu kwa watu wa seva nikawagombeza bure (niliwaomba radhi baadaye). Usiku wa tatu umeme umekatika, kompyuta iko asilimia 19, nikafungua konsoli (pale brauza inapoandika makosa) ambayo ningefungua siku ya kwanza kama ningekuwa na akili, nikakuta inalia kwamba kuna mabano hayajafungwa. Nikaangalia HTML yenyewe:

`<div class="batani" onclick="wekaKapuni('Ng'ombe wa maskini hazai', 18000)">Weka kapuni</div>`

Mmeiona? Ritifaa, kile kialama cha ' kwenye ng'. Ile ile tuliyofundishwa darasa la pili. JavaScript ikifika kwenye Ng inaona alama ya kufunga maneno, inajua jina la kanga limeisha, ni Ng tu basi, alafu inakutana na ombe wa maskini hazai amesimama nje hana mwenyewe. Inagoma. Na inagoma kwenye batani hiyo moja tu, kwasababu kila onclick (amri inayosubiri mtu abonyeze) inasomwa kivyake, ndo maana zile nyingine zilikuwa zinadunda na mimi nikapotea siku zote hizo.

Nikatafuta majina yote yenye ritifaa kwenye databesi, nikapata 11. Ya ng'ombe, ya kung'ang'ania, hadi ya mung'unye ipo. Kanga 11 hazijawahi kuuzwa hata doti moja kwenye ile websaiti tangu izaliwe. Miaka minne. Kiswahili chetu chenyewe kimegeuka bagi (kosa la programu).

Ila nilipokaa nikatulia nikaona ritifaa haina kosa. Kosa ni kwamba yule jamaa alichukua kitu ambacho ni maandishi ya kusomwa na mtu, yaani jina la kanga, akakishona pamoja na amri za mashine kwenye kamba moja. Nikahesabu onclick kwenye ukurasa mmoja wa bidhaa, 214. Bei imo humohumo. Jina limo humohumo. Mama akitaka kubadilisha bei lazima uguse kodi (za programu, sio za TRA).

Nimezitoa zote. Nitaeleza nilivyofanya ila kwanza nisikie wakuu mnasemaje, au ni mimi tu niliyekutana na hii.

Jobless wa Sinza #2

Uzi wote huu kwa ajili ya mstari mmoja? Si ungepitisha htmlspecialchars tu (ile ya PHP, lugha ya seva, inayogeuza alama ziwe salama kwenye HTML) ukalala.

Kibodi Butu #3

@Jobless nilijua utakuja wewe. Nilijaribu hiyo kabla ya kitu chochote, sikiliza kilichotokea.

Kwanza PHP za kabla ya 8.1, htmlspecialchars ukiiita bila maelekezo haigusi ritifaa kabisa, inashughulika na zile alama mbili-mbili ("). Kuanzia 8.1 ndo inaigeuza kuwa &#039;. Seva ya mama nikaipandisha, nikaangalia chanzo cha ukurasa, nikaona kweli imegeuka, nikashangilia. Nikabonyeza. Kimya vilevile!

Kwasababu brauza ikisoma atributi (kama ile onclick) inaanza kwa kufungua zile &#039; zote zirudi kuwa ritifaa, NDO inaikabidhi JavaScript. Kwahiyo JavaScript inapokea Ng'ombe mzima mzima na pembe zake. Umefunga mlango wa mbele, mgeni amepita wa nyuma.

Ipo njia ya kupitisha json_encode (inageuza data iwe maandishi ya JavaScript) kwanza alafu htmlspecialchars juu yake, hiyo inakubali, sikatai. Lakini jiulize kwanini unafunga mzigo mara mbili. Ni kwasababu umezipandisha lugha mbili kwenye kiti kimoja cha daladala, na kila moja ina sheria zake za nini ni alama na nini ni herufi. Kesho akija mwenzako akasahau kufunga mara moja tu, ng'ombe amerudi.

Jobless wa Sinza #4

Hapo kwenye brauza kufungua kwanza sikuwa najua. Sawa endelea.

Mwanafunzi wa Usiku #5

Samahani kaka mimi ndo naanza, natumia simu na kompyuta ya kuazima. Sijaelewa mnaposema kutenganisha. Si vyote ni websaiti moja? Ukitenganisha si ndo unaongeza mafaili na bando la mteja linaliwa zaidi?

Kibodi Butu #6

Swali zuri mdogo wangu wala usiombe samahani.

HTML kazi yake kusema hiki ni nini. Hiki ni kichwa cha habari, hii ni linki, hii ni fomu, hili ni jina la kanga. CSS inasema kinaonekanaje. JavaScript inasema mtu akikigusa kinafanyaje. Kipimo changu mimi ni cha kishamba tu: zima JavaScript kwenye brauza, fungua ukurasa, jaribu kununua. Kama unaweza kununua hata kwa taabu, umetenganisha. Kama umebaki na picha za kanga na batani zilizokufa, basi ule haukuwa ukurasa, ilikuwa ni skripti imevaa nguo za ukurasa.

Kuhusu bando ni kinyume chake. Faili la skripti likikaa peke yake brauza inalishusha mara moja inalitunza, ukurasa wa pili na wa kumi unalitumia hilohilo. Zile onclick 214 zilikuwa zinashushwa upya kila mtu akifungua ukurasa.

Nilivyofanya kwa mama. Kila kanga nimeipa fomu yake ndogo ya kawaida:

`<form method="post" action="/kapu">`
`<input type="hidden" name="kanga" value="217">`
`<button>Weka kapuni</button>`
`</form>`

Basi. Hii ndo HTML yote. Ukizima JavaScript unabonyeza, ukurasa unakwenda kwenye /kapu, kanga imeingia, maisha yanaendelea kama mwaka 1999. Jina la kanga limeandikwa juu ya batani kama maandishi ya kawaida ya binadamu, ritifaa zake zote zimo na hazimdhuru mtu. Kinachosafiri ni namba 217.

Alafu kuna faili moja la skripti pembeni. Linasema hivi kwa Kiswahili: kaa kwenye orodha nzima, fomu yoyote ya humu ndani ikitumwa, izuie kwanza isiondoke na ukurasa, tuma wewe kimyakimya kwa fetch, jibu likirudi ongeza namba ya kapu pale juu. Fetch ikigoma iachie fomu iende yenyewe kwa njia ya zamani. Msikilizaji ni mmoja tu, amekaa kwa mzazi, sio wasikilizaji 300 kila batani na wake. Na raha yake mama akiongeza kanga mpya kesho sigusi kitu, inasikilizwa na yuleyule.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia, ukiiachia fomu kwa kuita submit yake kutoka kwenye skripti lile tukio la submit halipigwi tena, kwahiyo usiogope kwamba itazunguka milele. Mimi niliogopa nikapoteza saa zima.

Mama Stoo #7

Hiyo 18000 iliyokuwa ndani ya onclick ndo imenishtua mimi kuliko ng'ombe. Kwahiyo mteja mjanja akifungua ile sehemu ya ukaguzi kwenye brauza akaibadilisha ikawa 1800?

Kibodi Butu #8

@Mama Stoo dada umegusa penyewe. Ndiyo, na seva ilikuwa inaiamini! Nilijaribu mwenyewe nikajiuzia doti kwa shilingi 5. Sasa hivi seva inapokea namba ya kanga tu, bei inaitafuta yenyewe kwenye databesi. Na wale wanaotaka kuhamisha bei kutoka onclick kwenda kwenye data-bei (bado ni ndani ya HTML hiyohiyo) wakadhani wamepona, hamjapona, mmehamisha tu sanduku la hela kutoka barazani kwenda dirishani.

Mzee wa Tabata #9

Vijana mmenikumbusha mbali. Niwape historia kidogo maana mnamlaumu yule kijana kana kwamba alibuni yeye hiyo tabia, hakubuni.

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich akiwa Netscape mwezi wa 5 mwaka 1995, siku 10. Ikaitwa Mocha, ikaitwa LiveScript, mwisho wa mwaka uleule ikapewa jina la JavaScript kwa sababu za kibiashara tu maana Java ndo ilikuwa inavuma. Miaka hiyo onclick ndani ya tagi (zile alama za HTML) ndo ilikuwa njia tuliyofundishwa wote. Hata mapambo tulikuwa tunayashona ndani, tagi ya font kila aya, CSS ya kwanza imepitishwa na W3C (chombo cha viwango vya wavuti) Desemba 1996 na brauza zikachukua miaka kuielewa vizuri.

Novemba 2000 W3C wakatoa utaratibu wa matukio wenye addEventListener. Sasa ungeweza kusimama nje ukasikiliza. Ila Internet Explorer ikashika njia yake, attachEvent, mpaka toleo la 9 mwaka 2011 ndo ikakubali ya wenzake. Miaka 11 hiyo tulikuwa tunaandika kila kitu mara mbili, ndo maana jQuery (maktaba ya JavaScript, unaandika mara moja kwa brauza zote) ilipokuja 2006 tuliipokea kama maji ya mgao.

Hili wazo mnalojadili lilianza kusemwa kwa sauti kama 2002, Stuart Langridge aliliita kwa maana ya skripti isiyojipenyeza, inakaa pembeni kwa adabu. Mwaka uliofuata Steve Champeon akaja na la kuanza na ukurasa mtupu unaofanya kazi kwa kila mtu, alafu unaongeza juu yake kwa mwenye uwezo. Sio mambo mapya. Yamesahaulika tu kwasababu mitandao ya wenzetu ina kasi.

Kibodi Butu #10

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuandika mara mbili sikuijua, sisi tumezaliwa jQuery ipo.

Mzee wa Tabata #11

Marahaba. Mmedekezwa.

Binti Pindo #12

Naomba nipingane kidogo na mleta mada, kwa heshima.

Kanga unayoisema ina pindo, ina mji, ina jina. Vitatu hivyo vimechapwa kwenye kitambaa KIMOJA. Hakuna aliyewahi kuuza pindo Kariakoo na jina akaliacha Mbagala. Ukiitazama unaona kila kitu kwa pamoja ndo maana inaeleweka.

Mimi nimerithi mradi wa watu waliotenganisha mpaka wakapitiliza. HTML safi kama maji, haina hata dalili kwamba batani inafanya kitu. Unabonyeza, kitu kinafuta mstari wa mteja. Nani amefuta? Hujui. Unaingia kwenye mafaili 9 ya skripti kutafuta nani anasikiliza klasi inayoitwa .nyekundu-ndogo. Nyekundu ndogo! Mtu wa CSS alikuja akabadilisha hiyo klasi kwasababu hataki nyekundu tena, ikawa ya bluu, batani ikaacha kufuta na hakuna aliyejua mpaka mwezi ulipoisha. Huo ndo usafi mnaousifia?

Ndo maana kuna watu sasa hivi wanarudisha vitu karibu. Kuna maktaba za JavaScript kama htmx, inaandika hx-post hapohapo kwenye tagi, Alpine nayo ina x-on. Ukisoma tagi unajua inafanya nini. Mimi niko upande huo.

Jobless wa Sinza #13

Duh dada amepiga pindo, mji na jina vyote kwa pamoja. Nimeweka kambi hapa.

Kibodi Butu #14

@Binti Pindo nimekaa na hii hoja yako usiku mzima, na sehemu kubwa nakukubalia. Hiyo ya .nyekundu-ndogo ni balaa, mimi siku hizi kitu cha skripti nakipa alama yake mwenyewe, data-kitendo="futa", mtu wa rangi hana sababu ya kukigusa na anayesoma HTML anaona kabisa kwamba hapa kuna jambo. Kwahiyo dalili ibaki kwenye tagi, utekelezaji ukae nje.

Ila mfano wako wa kanga nautumia dhidi yako. Jina la kanga liko kwenye kitambaa kimoja na mji, sawa, lakini lina kisanduku chake. Mchapaji akikosea jina mji hauharibiki. Kwenye onclick ya yule jamaa jina lilikuwa limeingia ndani ya uzi wenyewe, ukilivuta kitambaa kinafumuka.

Na hiyo htmx mimi sina ugomvi nayo. Ukiweka hx-post kwenye fomu ambayo ina action na method yake halali, skripti isipofika fomu inakwenda yenyewe. Hiyo kwangu imetenganishwa hata kama iko tagi moja. Ninachogombana nacho ni ukurasa ambao bila skripti hauna maana yoyote.

Binti Pindo #15

Hapo kwenye kisanduku umenikamata kidogo. Ila bado nasema mafaili 9 hapana.

Kibodi Butu #16

Mafaili 9 hapana. Tumekubaliana.

Kijana wa Frimuweki #17

Wazee mnapoteza muda. Dunia nzima inaandika React (maktaba ya JavaScript iliyotengenezwa na Facebook), na React tunaandika onClick palepale ndani. Kwahiyo Facebook hawajui kazi?

Mzee wa Tabata #18

Kijana, onClick ya React haifiki kwenye HTML. Fungua ukurasa wako ukague, hutaiona. React inakusanya hayo maandishi yako, yenyewe inaweka wasikilizaji kwenye mzizi wa ukurasa, zamani ilikuwa juu kabisa kwenye document, kuanzia toleo la 17 mwaka 2020 ikashuka kwenye kile kiboksi unachoipa. Yaani inafanya kilekile Kibodi alichofanya kwa mkono, msikilizaji mmoja kwa mzazi. Na jina la kanga unalipitisha kama data, halichanganywi na kodi, ritifaa haikuumi.

Swali langu kwako ni moja. Ukurasa wako kabla skripti haijafika una nini?

Kijana wa Frimuweki #19

Una div moja id yake root.

Mzee wa Tabata #20

Ndani yake?

Kijana wa Frimuweki #21

Tupu. Ila inajaa haraka mzee.

Dereva wa Data #22

Inajaa haraka ukiwa Masaki kwenye faiba. Mimi nakaa Kimara, mteja wangu anakaa Tandika, naomba niseme ya kwangu.

Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika nchi nzima intaneti ikayumba. Mimi nilikuwa na websaiti ya mteja, seva iko hapahapa Dar, kwahiyo ukurasa ulikuwa unafunguka kwa tabu lakini unafunguka. Sasa jQuery nilikuwa naivuta kutoka nje ya nchi. Haikuja. Ukurasa umefunguka wote, picha zipo, bei zipo, batani ya kuagiza ipo, inang'aa, na ni pambo. Fomu nilikuwa nimeandika action="#" kwasababu nilijua JavaScript itashughulika. Mteja anabonyeza ukurasa unaruka juu. Basi. Siku kadhaa hatukupata oda hata moja kwa njia ile, watu wakawa wanapiga simu.

Mimi nilikuwa najua habari za kuzima JavaScript ni za watu wawili watatu wenye wasiwasi wa maisha. Kumbe wengi hawajaizima, haijawafikia. Watu wa tovuti ya serikali ya Uingereza walipima mwaka 2013, wakakuta asilimia 1.1 ya waliotembelea hawakupata JavaScript, na katika hao waliokuwa wameizima au brauza zao haziiwezi walikuwa asilimia 0.2 tu. Ile 0.9 iliyobaki walistahili kuipata na hawakuipata. Na hapo ni Uingereza. Sisi wa vifurushi vya saa 24 vinavyoisha katikati ya ukurasa kupakia, sijui niseme nini.

Na msisahau Opera Mini. Ukiiweka kwenye ule ubanaji mkali wa data, ukurasa unachakatwa kwenye seva zao, skripti inaendeshwa kulekule kidogo tu, simu inaletewa matokeo. Mbwembwe zako nyingi zinabaki njiani. Fomu ya kawaida inapita.

Mama Stoo #23

Inang'aa na ni pambo 😂😂 nimecheka kwa sauti ofisini.

Sauti Tupu #24

Habari zenu. Mimi sioni, natumia NVDA kwenye kompyuta, kile kisoma skrini cha bure, inanisomea Kiswahili kwa sauti ya kiroboti lakini tumezoeana. Nimesoma uzi wote na naona hamjataja watu wa aina yangu kwahiyo nijitaje.

Ile ya kwanza ya Kibodi, div yenye onclick. Mimi natembea kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab. Tab haisimami kwenye div, inaruka. Nikiifikia kwa kusoma mstari kwa mstari naisikia inasema Weka kapuni bila kuniambia hii ni batani, na nikipata fomu ya watu walioandika button kweli nasikia batani, nabonyeza Enter, inafanya. Tofauti yake kwenu ni ndogo haionekani. Kwangu ni nimenunua au sijanunua.

Kingine, zile linki za href="#" ambazo kazi yote iko kwenye skripti. Nikiomba orodha ya linki za ukurasa napata majina sawa, ila naingia naambiwa niko palepale. Na nina hakika hata nyie mnaoona mkitaka kuifungua kwenye kichupo kingine mnapata ukurasa uleule.

Kwahiyo mleta mada, kanga 11 hazikuuzwa kwa watu wote. Kwa sisi wa Tab zilikuwa 300.

Kibodi Butu #25

Dah. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu.

Asante sana @Sauti Tupu, kwa kweli nilipobadilisha div kuwa button nilifikiria ritifaa tu, sikufikiria hilo hata kidogo. Kama una muda naomba nikutumie linki ujaribu kupitia mpaka mwisho wa malipo, na niambie bila kunionea huruma.

Sauti Tupu #26

Tuma. Huruma sina.

Kufuli Mbili #27

Naongeza la usalama kwa ufupi. Faida ya kutoa skripti zote ndani ya HTML ni kwamba unaweza kuweka kichwa cha Content-Security-Policy kwenye seva ukaiambia brauza: endesha skripti zinazotoka kwenye faili zangu tu, yoyote iliyoandikwa ndani ya ukurasa ikatae. Mtu akifanikiwa kupenyeza kitu kupitia maoni ya wateja au jina la bidhaa, inakaa pale kama maandishi tu. Ila ukiwa bado na onclick hata moja inakufa nayo, ndo maana watu wanaishia kuweka unsafe-inline (ruhusa ya skripti za ndani ya ukurasa) na wanakuwa wamefunga kufuli wakaacha ufunguo juu yake.

Na msidhani ni hadithi. Oktoba 2005 kijana mmoja Marekani, Samy Kamkar, aliandika kitu kwenye wasifu wake wa MySpace (mtandao wa kijamii uliokuwa unavuma), kila aliyeutazama kikajinakili kwake. Chini ya saa 20, zaidi ya wasifu milioni moja. MySpace walikuwa wanachuja tagi za skripti na onclick, yeye akapitia kwenye style, maana brauza za wakati ule zilikubali kuendesha JavaScript hata ndani ya mapambo.

Ushauri: anza na ile ya Report-Only, haizuii kitu inakuletea ripoti tu.

Kibodi Butu #28

MREJESHO

Nimeweka Report-Only jana asubuhi kama alivyosema @Kufuli Mbili. Nilikuwa na kiburi kabisa kwamba nimesafisha yote. Ripoti zikaanza kuingia, kila ukurasa, kitu kimoja kilekile. Nikaenda kuangalia chini kabisa kwenye futa (footer) ya websaiti, nikakuta yule jamaa aliacha saa. Saa ya kuonyesha muda wa Dar es Salaam, imeandikwa ndani kwa ndani, rangi yake na rangi ya ukurasa ni moja kwahiyo haijawahi kuonekana na mtu. Imekuwa ikihesabu sekunde gizani miaka minne. Nimeitoa, nikawasha ile ya kuzuia kabisa.

@Sauti Tupu alifika mpaka malipo, akanikuta na kosa moja: baada ya kuweka kapuni namba inapanda juu kimya, yeye hajui kama imeingia. Nimeongeza aria-live pale, sasa inamsomea.

Mama nimemwonyesha. Hakujali kabisa habari za skripti. Aliuliza tu kama Ng'ombe wa maskini sasa inaingia, nikambonyezea, ikaingia, akasema sawa, alafu akaniambia ile bei ni ya zamani iko 20,000 sasa. Nikambadilishia kwenye databesi mbele yake, sikufungua faili hata moja.

Mwanafunzi wa Usiku #29

Kaka hongera. Nimejaribu kufanya kama wewe kwenye kazi yangu ya chuo lakini konsoli inaniambia orodha ni null (yaani haipo). Id nimeiandika sawasawa, nimehakiki mara mia.

Kibodi Butu #30

Tagi ya skripti umeiweka wapi?

Mwanafunzi wa Usiku #31

Juu, kwenye head.

Kibodi Butu #32

Ina neno defer?

Mwanafunzi wa Usiku #33

Haina.

Kibodi Butu #34

Inafika kabla ya orodha kuwepo, inatafuta kitu ambacho brauza haijakisoma bado. Weka defer itasubiri ukurasa uishe kusomwa.

Mwanafunzi wa Usiku #35

Imekubali 🙏